Mahamali wa Utando: Kwa Nini Protini za Binadamu Hukazwa Kwanza Ndipo Zipigwe Picha

Soma nyuma ya pakiti ya ORS na utakuta chumvi na sukari vimewekwa pamoja. Wengi hudhani sukari imewekwa ili mtoto asiteme dawa. Sivyo. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini iitwayo SGLT1, na huyu ni hamali mwenye masharti: habebi glukosi mpaka apewe na sodiamu. Kwa kila molekuli moja ya glukosi, anapitisha ioni mbili za sodiamu. Vikishaingia ndani ya seli, maji yanafuata. Mwanabiokemia Robert Crane ndiye aliyeeleza wazo hili la mizigo miwili kusafiri pamoja, kwenye mkutano uliofanyika Prague mwezi Agosti 1960. Kipindupindu kinavuruga mambo mengi tumboni, lakini hamali huyu huendelea na kazi yake, na ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari huokoa maisha.

Mwili wako una mahamali wa namna hii kila mahali. Familia moja tu, inayojulikana kama SLC, ina aina zaidi ya 400 kwa binadamu. Wapo wanaoingiza sukari kwenye chembe nyekundu za damu, wapo wanaorudisha chumvi kutoka kwenye mkojo, wapo wanaofagia kemikali za ujumbe kwenye ubongo. Wakikosea kazi, tunaugua. Na dawa nyingi tunazomeza zinafanya kazi kwa kuwazuia: dawa za msongo wa huzuni kama fluoxetine humzuia hamali wa serotonini, na dawa za kisukari kama empagliflozin humzuia SGLT2, ndugu yake SGLT1 anayefanya kazi kwenye figo.

Sasa, fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kuchukua vipimo. Anayetaka kutengeneza dawa ya kumkalia vizuri hamali mmoja, bila kumgusa ndugu yake, anahitaji kujua umbo lake: atomu ipi iko wapi, mfuko wa kubebea mzigo una upana gani, mlango unafungukia upande upi. Na hapa ndipo shida inapoanza, kwa sababu mahamali hawa hawapendi kabisa kupigwa picha.

Makala hii ni kuhusu jinsi wanasayansi wanavyowatuliza. Pia ni kuhusu swali moja gumu linalofuata: ukishambadilisha ili atulie, je, bado ni yule yule?

Samaki nchi kavu

Tuanze na mahali protini hizi zinapoishi. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye tabaka mbili, unene wake ni nanomita 4 hadi 5 hivi. Protini visafirishi (tuviite hivyo tangu sasa, maana ndiyo kazi yao) hupenya utando huu kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara nyingi kwa kupita na kurudi mara kumi au zaidi. Sehemu zinazogusana na mafuta ni zile zisizopenda maji. Sehemu zinazochungulia nje na ndani ya seli ndizo zinazopenda maji.

Ili uisome protini, lazima uitoe hapo na kuitenga na nyingine zote. Ukiitia kwenye maji matupu, zile sehemu zisizopenda maji zitatafutana na kugandamana, utabaki na uji mweupe usiofaa kitu. Kwa hiyo watafiti hutumia sabuni. Siyo ya kufulia, ni sabuni laini za maabara kama dodesili maltosidi, ambazo huyeyusha utando na kuizunguka protini kama mkanda mahali palipokuwa na mafuta.

Tatizo ni kwamba mkanda wa sabuni siyo utando. Utando huibana protini kwa pande zote, una kolesteroli, una mafuta ya aina mbalimbali ambayo mengine hushikamana na protini mahali maalum. Sabuni haina hayo. Protini iliyokuwa imara ndani ya seli huanza kulegea, hufumuka, halafu hugandamana na wenzake. Umeona ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango? Ndicho kinachotokea, tofauti ni kwamba kwa visafirishi vingi vya binadamu huhitaji kikaango. Saa chache nje ya utando zinatosha.

Ndiyo maana historia ilikwenda pole pole. Umbo la protini ya kwanza, mayoglobini, lilionekana mwaka 1958. Protini hiyo huelea kwenye maji, haina matatizo. Umbo la kwanza la kina la protini ya utando lilichapishwa mwaka 1985, karibu miaka 30 baadaye, na kazi hiyo iliwapa Johann Deisenhofer, Robert Huber na Hartmut Michel tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1988. Hata hiyo ilitoka kwenye bakteria. Visafirishi vya binadamu vilisubiri zaidi.

Kwa nini vya binadamu ni vigumu hivyo?

Kuna sababu tatu, na zinafungamana.

Ya kwanza tumeshaitaja: vimezoea mafuta ya aina fulani, tena kwenye joto la nyuzi 37, na sisi tunaviondoa humo.

Ya pili ni kazi yenyewe. Kisafirishi hakiwezi kuwa mlango uliofunguka pande zote mbili, maana hapo kitakuwa tundu na kila kitu kitavuja. Kinafungua upande wa nje, kinapokea mzigo, kinafunga, halafu kinafungua upande wa ndani. Ili kifanye hivyo lazima kiwe na uwezo wa kubadili umbo kila mara. Protini iliyokazana sana haisafirishi kitu. Kwa hiyo ulegevu wake siyo kasoro, ni sehemu ya ajira. Lakini kamera inataka kinyume chake. Njia ya fuwele, ambapo mamilioni ya protini hupangwa kwa safu na kumulikwa kwa eksirei, inataka protini zote ziwe kwenye mkao mmoja. Ukipiga picha ya darasa la chekechea huku kila mtoto anageuka upande wake, utapata ukungu.

Ya tatu ni mageuzi ya viumbe. Uteuzi wa asili hauijali protini iwe imara kupita kiasi, unataka iwe imara vya kutosha. Seli huvunja protini zilizochoka na kutengeneza mpya kila siku, kwa hiyo hakuna faida kubwa ya kuwa na kisafirishi kinachodumu wiki nzima ndani ya sabuni. Hakuna babu yetu aliyepona kwa sababu protini zake zilivumilia dodesili maltosidi.

Njia za kumtuliza

Basi watafiti wamefanyaje? Kwa miaka mingi njia zilikuwa nne, na mara nyingi huchanganywa.

Njia ya kwanza ni kumkwepa binadamu. Unatafuta ndugu wa mbali wa protini ile, kwenye kiumbe kinachoishi kwenye joto kali, kwa sababu protini za huko huwa ngumu. Mfano maarufu ni GltPh, kisafirishi kutoka kwenye kijidudu Pyrococcus horikoshii kinachostawi kwenye maji yenye joto linalokaribia nyuzi 100 chini ya bahari. Umbo lake lilichapishwa mwaka 2004 na kundi la Eric Gouaux huko Marekani, na lilitufundisha mengi kuhusu jamaa zake walioko kwenye ubongo wetu. Lakini ndugu wa mbali ni ndugu wa mbali. GltPh inafanana na ile ya binadamu kwa zaidi kidogo ya theluthi moja tu ya asidi amino zake, na dawa nyingi za binadamu hazimtambui.

Njia ya pili ni kumpa kitu cha kushika. Hamali aliyebeba mzigo mzito hawezi kucheza. Ukiongeza dawa inayomng'ang'ania, au kingamwili inayomkamata kutoka upande mmoja, anabaki kwenye mkao mmoja na anadumu zaidi.

Njia ya tatu ni kuboresha makazi: kuongeza kitu kinachofanana na kolesteroli kwenye sabuni, kufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 4, au kuhamishia protini kwenye nanodiski, yaani kipande kidogo cha utando wa mafuta kilichofungwa kwa mkanda wa protini nyingine.

Njia ya nne ndiyo hasa tunayoizungumzia leo: kuibadilisha protini yenyewe. Protini ni mnyororo wa asidi amino, kila moja imeandikwa kwenye jeni. Ukibadilisha herufi kwenye jeni, unabadilisha asidi amino. Swali ni ubadilishe ipi kati ya mamia.

Utajuaje kwamba ameimarika?

Kabla ya kubadilisha, lazima uwe na kipimo. Kipimo cha kawaida ni joto. Chukua sampuli, zigawe kwenye vichupa, pasha kila kichupa kwa dakika chache kwenye joto tofauti, halafu uone protini kiasi gani imebaki nzima. Joto ambalo nusu imeharibika ndilo unaloandika. Likipanda baada ya badiliko, umefaulu.

Kujua "imebaki nzima" kuna mbinu mbili zinazopendwa. Moja ni kuiunganisha protini na ile protini ya kijani ing'aayo iliyogunduliwa kwenye konyeza wa baharini, kisha kupitisha mchanganyiko kwenye bomba lenye chembe zenye vitundu. Protini nzima hutoka kwa wakati wake kama mlima mmoja mwembamba kwenye grafu. Zilizogandamana ni kubwa, hivyo hutoka mapema. Uzuri wake ni kwamba huhitaji hata kuitakasa protini, maana kinachong'aa ni ile unayoitaka tu. Mbinu ya pili hutumia rangi inayong'aa ikigusana na asidi amino aina ya sisteini. Sisteini nyingi zimejificha ndani ya protini. Joto likipanda na protini ikafumuka, zinajitokeza, rangi inazishika, na mwanga unapanda. Unaona kifo cha protini kwa macho.

Jaribu moja moja: hadithi ya hamali wa serotonini

Njia ya moja kwa moja ni ya uvumilivu. Badilisha asidi amino moja, pima. Badilisha nyingine, pima. Kisha zile zilizosaidia ziunganishe pamoja. Maabara ya Chris Tate huko Cambridge, Uingereza, ndiyo iliyoonyesha nguvu ya njia hii, ingawa kwa kipokezi na si kisafirishi. Walichukua kipokezi cha adrenalini cha bata mzinga, na mabadiliko sita tu yakapandisha uvumilivu wake kwa nyuzi 21. Umbo lake lilichapishwa mwaka 2008.

Kwa visafirishi, mfano wa kusomwa ni SERT, hamali wa serotonini wa binadamu. Kazi yake ni kurudisha serotonini ndani ya seli ya neva baada ya ujumbe kufika. Dawa kama paroxetine na citalopram humzuia, serotonini ikabaki nje kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2016, Jonathan Coleman, Evan Green na Eric Gouaux walichapisha umbo lake likiwa limeshika dawa hizo. Protini yao ilikuwa na mabadiliko matatu ya kuimarisha, kati ya asidi amino 630, tena ikashikwa na kipande cha kingamwili.

Walichokiona kina uzito. Dawa hukaa katikati kabisa ya protini, pale pale ambapo serotonini ingekaa, na kuufungia mlango ukiwa wazi kwa nje. Hamali amenaswa na mikono iliyofunguka. Na juu yake wakaona mahali pa pili panapoweza kushika citalopram nyingine, pakiziba njia ya ile ya kwanza kutoka. Kwa anayetengeneza dawa, hiyo ni ramani ya thamani kubwa.

Lakini kuna gharama. SERT yenye mabadiliko yote matatu inashika dawa vizuri ila haisafirishi serotonini. Imekazwa mpaka imeacha kazi. Watafiti walilijua hilo, na walikuwa na aina nyingine yenye mabadiliko mawili tu ambayo bado inasafirisha, wakaitumia kulinganisha. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Uliza ukoo mzima: hadithi ya hamali wa glutamati

Kujaribu moja moja kunachosha na kunagharimu. Je, kuna njia ya kukisia mabadiliko mazuri bila kujaribu mamia?

Fikiria utenzi wa zamani ulionakiliwa kwa mkono na waandishi wengi, huko Lamu, Pate, Mombasa na Unguja. Nakala asilia imepotea. Kila mwandishi alikosea kidogo, lakini kila mmoja alikosea mahali pake. Ukizipanga nakala zote sambamba, mstari kwa mstari, na kila mahali ukachukua neno ambalo nakala nyingi zinakubaliana, utapata maandishi yaliyo bora kuliko nakala yoyote peke yake.

Protini nazo zimenakiliwa hivyo kwa mamilioni ya miaka. Kisafirishi cha binadamu kina ndugu kwa panya, kuku, samaki, chura, hata mdudu. Kila ukoo umekusanya mabadiliko madogo madogo, mengine yakiidhoofisha protini kidogo lakini si kiasi cha kumdhuru mwenye nayo. Ukipanga mifuatano yote sambamba, asidi amino inayoonekana kwa wengi kwenye nafasi fulani ina nafasi nzuri ya kuwa ndiyo inayoimarisha. Tuseme ndugu 70 kati ya 100 wana lusini mahali ambapo binadamu ana serini: jaribu kuweka lusini. Mbinu hii huitwa ya makubaliano, na ilijaribiwa kwa mafanikio kwenye kingamwili tangu mwaka 1994.

Kundi la Nicolas Reyes, lililokuwa Institut Pasteur mjini Paris, liliitumia kwa EAAT1, hamali wa glutamati kwenye ubongo wa binadamu. Huyu si mtu mdogo. Glutamati ndiyo kemikali kuu ya kusisimua neva zetu, lakini ikibaki nje ya seli kwa wingi inageuka sumu na kuua neva. EAAT1 huifagia na kuiingiza ndani ya seli za glia, hata kama ndani tayari imejaa kuliko nje mara maelfu. Nguvu anaipata kwa kuruhusu ioni tatu za sodiamu na protoni moja kuingia pamoja na kila glutamati, kisha potasiamu moja inatoka. Badiliko moja la asidi amino kwenye EAAT1, prolini ya nafasi ya 290 ikiwa arjinini, linatosha kumletea mtu ugonjwa wa vipindi vya kupepesuka na kukosa mizani.

EAAT1 ya kawaida, ikitolewa kwenye utando, haivumilii. Kwa mbinu ya makubaliano, kundi hilo likapata aina iliyotulia na kutoa fuwele, na umbo likachapishwa mwaka 2017. Visafirishi vitatu hukaa pamoja kama mafiga. Kila kimoja kina sehemu mbili: kiunzi kisichosogea, na sehemu ya kubebea inayoteremka ndani ya utando na kupanda tena, kama ndoo na kisima. Kizuizi kiitwacho UCPH101 kilikutwa kimejichomeka kati ya ndoo na ukuta wa kisima kama kabari. Hakigusi mahali glutamati inapokaa, kinaizuia tu ndoo isiteremke.

Hapa pana somo la mbinu yenyewe. UCPH101 humtambua EAAT1 na kuwaacha ndugu zake. Maana yake mahali inaposhika ni mahali ambapo EAAT1 anatofautiana na ukoo. Na mbinu ya makubaliano hufanya nini? Humvuta mtu afanane na ukoo! Ikabidi asidi amino chache za hapo zirudishwe zilivyo kwa binadamu ili kizuizi kishike tena. Wengi wakikubaliana mara nyingi wako sahihi kuhusu uimara, lakini upekee wa mtu haupigiwi kura.

Mwaka 2018 kundi hilo likaendelea na swali la mbele zaidi: tunaweza kubadilisha kidogo kiasi gani? Walipata aina za EAAT1 zinazovumilia joto zaidi huku zikifanana na ya asili kwa asilimia 95 hivi. EAAT1 ina asidi amino 542, kwa hiyo tunazungumzia nafasi 27 hivi zilizoguswa. Protini hizo zilibaki zimekunjwa sawasawa na zinafanya kazi.

Kisha wakauliza protini inaanzia wapi kufumuka. Waliitumbukiza kwenye maji yenye haidrojeni nzito na kupima kwa mashine ya uzito wa molekuli ni sehemu gani zinabadilishana haidrojeni haraka, maana sehemu iliyolegea ndiyo inayoingiwa. Jibu: kufumuka kunaanzia kwenye maungio kati ya visafirishi vitatu, kwa matukio madogo ambayo ndiyo yanayoamua kasi ya yote. Ile ndoo ya kubebea hufumuka baadaye. Ni kama mkeka: hauanzi kuharibika katikati, unaanza ukingoni, na ukingo ukishaachia mengine yanafuata. Hii ni habari nzuri kwa wahandisi wa protini. Ukikaza maungio unaweza kurefusha maisha ya protini bila kuigusa sehemu inayofanya kazi.

Je, bado ni yule yule?

Turudi kwenye swali gumu. Ukibadilisha protini ili uione, unachokiona ni cha nani?

Jibu la uaminifu ni kwamba lazima lijibiwe kwa majaribio, kila mara. Kipimo cha kwanza ni kazi: irudishe protini iliyoimarishwa kwenye vifuko vidogo vya mafuta, uone kama bado inasafirisha, na kwa masharti yale yale ya sodiamu na potasiamu. Cha pili ni dawa: inashika dawa zile zile kwa nguvu ileile? Cha tatu ni kulinganisha na umbo la protini isiyoguswa likipatikana. Kwa SERT hilo liliwezekana. Mwaka 2019 kundi lile lile la Gouaux lilichapisha maumbo ya SERT kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, ikiwemo protini isiyo na mabadiliko ya kuimarisha.

Tena wakati mwingine kukazwa huko ndiyo shabaha. GLUT1, hamali wa glukosi kwenye chembe nyekundu za damu, umbo lake lilichapishwa mwaka 2014 na kundi la Nieng Yan huko Beijing. Walibadilisha nafasi mbili tu: moja kuondoa mkia wa sukari unaosumbua fuwele, nyingine kuifunga protini ikiwa imefunguka kwa ndani. Badiliko hilo la pili lilijulikana tangu zamani kwamba linamnasa GLUT1 kwenye mkao huo. Hivyo picha yao haikudai kuwa safari nzima. Ilikuwa kituo kimoja cha safari, kilichochaguliwa makusudi.

Na leo, kazi hii bado ina maana?

Kuna watakaosema hadubini ya elektroni ya baridi kali, iliyowapa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson tuzo ya Nobel mwaka 2017, imemaliza shida. Ni kweli imepunguza. Haihitaji fuwele, inatumia protini kidogo, na inaweza kutenganisha mikao tofauti kwenye sampuli moja. Lakini protini iliyofumuka haina umbo la kupigwa picha kwa mashine yoyote. Sampuli bado lazima idumu. Maumbo ya SGLT1 na SGLT2 ya binadamu yalitoka kwenye jarida la Nature la Januari 2022 kwa hadubini hiyo, na ya SGLT1 ilitegemea protini iliyorekebishwa kwa mbinu ya makubaliano.

Mtu anaweza kuuliza: ORS imeokoa watoto kwa miongo kadhaa bila picha hiyo, ya nini basi? Ni swali la haki. Kujua kwamba hamali yupo na anabeba nini kulitosha kwa ORS. Hakutoshi kwa dawa inayotakiwa kumzuia SGLT2 kwenye figo na kumwacha SGLT1 tumboni aendelee, maana hao ni ndugu wa karibu na ukimzuia yule wa tumboni, sukari inabaki kwenye utumbo na mgonjwa anaharisha. Mahali dawa inaposhika, tofauti kati yao ni ya asidi amino chache. Hapo bila vipimo unakata kitambaa gizani.

Programu za kompyuta za kutabiri maumbo nazo zimekuja kwa kasi, na Nobel ya kemia ya 2024 ilizitambua. Nyingine sasa zinapendekeza mabadiliko ya kuimarisha protini. Zimejifunza kutoka wapi? Kutoka kwenye maumbo yaliyopatikana kwa jasho maabara, na kutoka kwenye mifuatano ya ndugu wengi, ile ile hazina ambayo mbinu ya makubaliano inaitumia. Bado kila pendekezo linarudi kwenye kichupa, linapashwa joto, linapimwa.

Kama wewe ni mwanafunzi, unaweza kuyaona haya mwenyewe leo, bure. Benki ya Data ya Protini iko wazi mtandaoni. Andika 4PYP umwone GLUT1, au 5I6X umwone SERT akiwa na paroxetine. Zungusha, tazama mfuko. Halafu, kabla hujashangilia, fungua sehemu inayoorodhesha mabadiliko yaliyofanywa kwenye mfuatano, na uulize mambo mawili: wamegusa wapi, na je, wameonyesha kwamba baada ya kuguswa bado inafanya kazi? Ukizoea kuuliza hivyo, utasoma makala yoyote ya maumbo ya protini ukijua picha inasema nini na isichosema ni nini.